Mtu Aliyeshindwa Kusema Ng'ombe

Kijiwe chetu kipo Karatu mjini, ubavuni mwa kibanda changu cha kuziba pancha, hatua chache kutoka barabara kubwa inayopandisha Ngorongoro. Ni benchi moja refu la mbao, jiko la mkaa, na birika la Mzee Piusi, ambaye humimina kahawa tangu alfajiri na kujifanya hasikilizi. Wa kudumu ni watatu. Sitonik tunamwita Redio kwa sababu akianza kusema hazimiki, na sauti yake inafika sokoni. Martini tunamwita Kimataifa. Anaendesha watalii, na hakuna taifa ambalo hajawahi kulipakia kwenye Landikruza yake. Mimi wananiita Pancha. Asubuhi ile ya mwezi wa saba ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, mji mzima unakohoa na kupenga kamasi, na kwenye benchi letu alikuwa amekaa mwanamke ambaye kwa kawaida hakai pale. Alikuwa Blandina, mke wa Meitamei. Kahawa aliyopewa ilikuwa imepoa mkononi mwake, na hakuwa ameigusa.

Meitamei wote tulimjua. Mmasai mrefu, mpole, mfanyabiashara wa mifugo, mwenye pikipiki nyekundu iliyochakaa ambayo mimi mwenyewe nimeiziba magurudumu hadi nimekoma kuhesabu. Alimwoa Blandina, Mwiraqw wa hapa hapa Karatu. Yeye Kiiraqw hakipandi, mkewe Kimaa hakipandi, kwa hiyo nyumbani kwao ni Kiswahili mwanzo mwisho. Binti yao ni Naeku. Juzi aliaga anapanda Soitsambu kwa kaka yake kuchukua mtamba, na tangu hapo simu yake haikupatikana. Huko kwa kaka mtu akihama na ng'ombe, mtandao unaachwa nyuma, kwa hiyo siku ya kwanza hakuna aliyeshtuka.

Halafu jana yake jioni, wakati Blandina anasonga ugali, simu ikaingia kwa namba asiyoijua.

– Hebu turudie, shemeji, Redio akasema. Kimataifa hakuwepo ulipoeleza mwanzo. Huyo mtu alisemaje?

Blandina alivuta khanga mabegani. Alisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe.

– Alisema, Baba Daeku, bibi, hapa. Nikamuuliza, wewe nani? Akasema, bibi, bibi. Nikamuuliza tena wewe nani, akasema bibi hapa. Halafu akasema gobe. Gobe wabe nini sijui. Halafu kitu kama Bagola, Bagola, koro-nini. Anapumua kwa mdomo, hivi, kama amekimbia. Mwishoni neno moja nimelipata vizuri. Kufa.

Mzee Piusi aliacha kumimina. Kahawa ikabaki inaning'inia kwenye mdomo wa birika.

– Sauti ilikuwa ya nani? Kimataifa akauliza.

– Si ya mtu ninayemjua. Ilikuwa nzito, kama mtu anaongea yuko ndani ya mtungi.

– Ukafanyaje?

– Nilikata. Ikaita tena, nikamkimbilia Sitonik.

– Na mimi nikamwambia azime, Redio akasema. Kabisa. Watu wa namna hii unavyozidi kuongea nao ndivyo wanavyozidi kukujua. Simu imezimwa tangu jana jioni, na taarifa polisi tumetoa. Sikilizeni jamani, hili jambo liko wazi. Baba Naeku, bibi, hapa. Yaani, bibi, mumeo tunaye hapa. Gobe ni ng'ombe. Wanataka ng'ombe. Na Bagala ni Mbagala. Wamemfikisha Dar es Salaam.

Blandina alifumba macho aliposikia Dar es Salaam. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa anamtafuta mumewe katika nchi anayoijua, kwenye vilima na malisho. Sasa alikuwa ameambiwa amtafute kwenye mamilioni ya watu.

– Ila kitu kimoja kinanisumbua, Redio akaendelea. Ni mtu gani anayeshindwa kusema ng'ombe? Tukijua kabila lake tumeshika nusu ya kesi. Mmasai anayo ng' tangu tumboni. Mwiraqw anaisema. Msukuma ndiyo usiseme, hata majina ya vijiji vyao yanaanza nayo. Hapa Tanzania utamtoa wapi mtu wa kusema gobe?

– Huyo si Mtanzania, Kimataifa akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, na kwa sababu si mtu wa kutishatisha watu, tulimgeukia wote.

– Mimi hii ng' nimeishi nayo barabarani. Mwingereza anayo, lakini mwishoni mwa neno tu. Neno lao kingi, yaani mfalme, wanapolitamka wenyewe linaishia puani kama letu. Mwambie aiweke mwanzoni uone. Nimekaa na wazee wa watu kwenye gari, nawafundisha ng'ombe, tunatoka hapa mpaka geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini, mtu bado anasema nigombe, ngombe, engombe. Akili anayo na pua anayo. Ulimi wake ndio haujawahi kuanzia safari pale.

– Kwa hiyo ni Mzungu, nikasema.

– Sijasema hivyo. Wapo wa mbali wanaoiweza kuliko sisi. Nilishampokea mgeni wa Singapore, jina la ukoo ni N na G, basi, hakuna herufi nyingine. Nimesimama uwanja wa ndege na kibao changu sijui niite nini. Akanicheka, akafunga mdomo, akalitoa puani. Jina zima. Wavietnamu wanaanza nayo maneno. Wale wenyeji wa asili wa Nyuzilandi nao vile vile. Kwa hiyo Asia wengi unawatoa.

– Unabaki na nani?

– Subiri. Mama Naeku, alisema Naeku au Daeku?

– Daeku, Blandina akasema. Kama anamdharau mtoto.

– Basi hata N imemshinda.

Kimataifa alichezea funguo za gari.

– Nilikuwa na mgeni mmoja mtafiti wa lugha. Tuko kreta, watu wanatazama faru, yeye ananiuliza nasemaje nyumba. Aliniambia karibu kila lugha duniani ina M na N, ndiyo maana watoto wengi wanaanza na mama. Lakini akasema zipo chache sana, huko pwani ya mbali ya Marekani ya kaskazini, na nyingine visiwani, hazina kabisa. Hawana M, hawana N, hawana ng'. Mtu anaongea kuanzia asubuhi hadi jioni na hakuna sauti hata moja inayopita puani.

– Watu wa hivyo wapo? Mzee Piusi akauliza.

– Alisema wapo.

Upepo ulisogeza ukungu barabarani, na lori likapita taa zikiwaka ingawa kulikuwa kumekucha. Nilijikuta nikimwaza mtu mwenye lugha isiyopita puani, ameketi mahali na simu, na Meitamei yuko chini yake amefungwa. Ni ujinga, najua. Lakini kaa karibu na mwanamke aliyepotelewa na mume, ujaribu kuwaza vitu vya maana.

– Mtu atoke pwani ya Marekani aje kumkamata muuza mitamba? nikasema.

– Si lazima awe mtu, Redio akanijibu. Siku hizi mashine inaongea. Chalii wangu wa Arusha alipigiwa na sauti ya bosi wake, kila kitu cha bosi, kumbe kompyuta. Mashine hiyo imefundishwa huko ughaibuni, haijawahi kukutana na ng'ombe. Ikifika pale inagonga ukuta, inasema gobe. Ndiyo maana Mama Naeku akimuuliza wewe nani, inarudia bibi, bibi, bibi. Imekwama.

– Mashine haihemi, Kimataifa akasema. Hii ilikuwa inahema.

Hapo Mzee Piusi aliweka birika chini. Huyu mzee, kabla ya kahawa, alikuwa mtu wa kuitwa msiba ukitokea. Ameosha na kuvisha wengi wa mji huu. Hapendi kulizungumzia.

– Mimi sitaki kusema, akasema.

– Sema, mzee, Redio akamhimiza.

– Kuna mtu mmoja tu ninayemjua mimi asiyeweza kupitisha sauti puani. Tukishamwosha, tunamziba pamba. Puani humu, pande zote mbili. Huyo hata angeamka aseme, M hawezi. Anaanza kwa kumwita baba. Halafu anamwita bibi. Baba yake Meitamei yuko wapi? Bibi yake yuko wapi? Wote wametangulia. Mtu anayeita watu hao na kusema niko hapa, kisha akasema kufa, mnataka niwaambie anapiga simu kutoka wapi?

Nilitazama jiko la mkaa kwa sababu sikutaka kumtazama Blandina. Niliposikia kikombe kimedondoka nikajua ni chake. Alikuwa ameinama, mikono kichwani, na hakulia kwa sauti. Alikuwa anavuta hewa kwa haraka, na haiingii.

– Mzee, hayo ya nini sasa, Kimataifa akasema.

– Nilisema sitaki kusema.

Wakati huo Felista, anayeuza mitumba ng'ambo ya barabara, alitokea kwenye ukungu. Alikuwa amejifunga kitenge hadi masikioni, macho mekundu, leso mkononi. Tangu wiki ile ianze mafua yalikuwa yamemshika, na alikuja kutafuta kahawa ya tangawizi. Alimwona Blandina ameinama, akaona nyuso zetu. Akasimama.

– Dadi abekufa? akauliza.

Tukamtazama.

Felista alidhani hatujasikia. Akajifuta pua, akarudia kwa hofu, na pua zilikuwa zimeziba kama zimepigwa saruji.

– Jabadi, dauliza, dadi abekufa?

Blandina aliinua kichwa. Sitasahau ule uso. Uliingia mwanga, kisha ukaingia kitu kibaya kuliko kile kilichokuwepo.

– Felista, sema mama, akasema.

– Baba.

– Sema mimi.

– Bibi. Kwadi kuda didi?

– Sema, Mama Naeku, mimi hapa.

Felista alitutazama mmoja mmoja kama watu walioingiliwa na wazimu. Lakini alisema.

– Baba Daeku, bibi hapa.

Blandina alisimama, akashika nguzo ya kibanda changu.

– Alikuwa ni yeye, akasema. Alikuwa ananiita. Nilimuuliza wewe nani, akanijibu mimi. Mimi, mimi. Nikamkatia simu.

– Pua, Kimataifa akasema. Ameumia pua.

Redio alikuwa amejibana pua kwa vidole viwili, anajaribu maneno kwa kunong'ona, yeye ambaye hajawahi kunong'ona. Gobe. Ng'ombe. Gobe wabe. Ng'ombe wame. Alipoachia pua uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

– Washa simu, shemeji, akasema.

Aliiwasha. Tulisubiri ile nembo iwake, halafu zikaanza kuingia zile meseji za kukujulisha kwamba namba fulani ilikuwa inakutafuta. Iliingia moja, ikaingia nyingine, simu ikawa inatetemeka mkononi mwake kama kitu chenye uhai. Namba ile ile. Nyingine za jioni, nyingine za usiku, ya mwisho ya alfajiri. Blandina alipiga. Yule dada wa kampuni akamjibu kwamba haipatikani.

– Bagala, nikasema. Kama si Mbagala ni wapi?

– Mimi sikusema Bagala, Blandina akasema. Nilisema Bagola tangu mwanzo. Bagala mmesema ninyi.

Kimataifa alikuwa tayari amesimama na funguo mkononi.

– Mang'ola, akasema. Na koro-nini ni korongoni.

Felista, bila kuambiwa, akalijaribu mdomoni.

– Bagola, akasema, kisha akaweka leso mdomoni.

Njia ya Mang'ola inaachana na lami nje kidogo ya mji, inashuka kuelekea Ziwa Eyasi, ambako mashamba ya vitunguu yapo na joto lipo. Katikati ni mawe, vumbi na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Kila mtu Karatu anajua pale ndipo fisi wanapolala mchana. Hatukulitamka neno hilo ndani ya gari. Kimataifa aliendesha, Blandina mbele, mimi na Redio nyuma. Mzee Piusi alitukabidhi blanketi lake alilokuwa amejifunika na chupa ya maji, akabaki na Felista kuita watu wa hospitali wajiandae.

Kwenye kila korongo tulisimama. Redio alishuka, akapaza sauti ile tunayoilalamikia kila siku, akaita Meitamei, akasubiri. Korongo la kwanza kimya. La pili tuliona tai wametua, na Blandina akafungua mlango kabla gari halijasimama. Ilikuwa ni mzoga wa punda. Aliegemea boneti, akarudi kwenye kiti chake. Kadiri tulivyoshuka ndivyo ukungu ulivyoisha na jua lilivyozidi, na mimi nilikuwa nawaza kuhusu maji, mtu aliyelala bila maji.

Tulipita mahali ambapo kundi la ng'ombe lilikuwa limevuka barabara, kwato zimechimba vumbi pana. Kimataifa alikanyaga breki. Katikati ya kwato kulikuwa na mchoro mmoja wa gurudumu uliokwenda moja kwa moja, ukayumba, ukatoka barabarani.

Redio aliita. Hakuna sauti iliyojibu. Halafu tukasikia, chini, kitu kama mtu anagonga sufuria. Ko. Kimya. Ko.

Blandina aliteremka lile korongo kwa makalio, miba inamkamata khanga, akaiacha hapo hapo. Tulimkuta amepiga magoti. Meitamei alikuwa ameketi ameegemea ukuta wa udongo, pikipiki imemlalia mguu, jiwe mkononi, na tangi la mafuta limejaa mikwaruzo pale alipokuwa analigonga. Usukani ulikuwa umempata usoni. Pua haikuwa pua tena, ilikuwa uvimbe mweusi wa damu iliyoganda. Alipumua kwa mdomo, midomo imepasuka, na kumzunguka, kwenye mchanga laini wa chini ya korongo, kulikuwa na nyayo. Nilizitambua. Zilikuja, zikarudi nyuma, zikaja tena karibu zaidi. Nyingine zilikuwa zimefika umbali wa mkono wake.

Alijaribu kusema. Blandina alimwekea kiganja mdomoni, taratibu.

– Usiseme, Baba Naeku. Nimekusikia.

Tulimtoa kwa blanketi la Piusi. Njiani, kipande kwa kipande, alitueleza, na safari hii tulimwelewa. Alipofika geti la Lodoare alikutana na mtu akamwambia kaka yake ameshusha ng'ombe Mang'ola kwa ajili ya majani, basi akageuza bila kupita nyumbani. Kundi likamkatia njia jua linazama, jioni ile ile aliyoaga. Alizimia hadi kesho yake mchana. Simu yake ndogo ya kitochi ina laini mbili, na ile ya kwanza ilikataa kabisa tangu aanguke, ndiyo maana akatumia ya pili, ile ya vifurushi ambayo mkewe hakuwahi kuijua. Namba aliyoishika kichwani ilikuwa ya mkewe tu, na kuandika meseji hajui. Kwenye ile laini ya pili alisikia sauti ya mkewe, akafurahi, akajua ameokoka. Fisi walianza kuja giza lilipoingia. Alikuwa anagonga tangi kwa mkono mmoja na kupiga simu kwa mkono mwingine, hadi betri ikafa.

Redio alikuwa amekipakata kichwa cha Meitamei safari nzima.

Hospitalini daktari alitoka baada ya muda mrefu akasema mguu umevunjika mahali pawili lakini hautakatwa. Pua itapona imepinda. Amepoteza maji mengi, ila moyo ni wa ng'ombe dume. Ataishi. Blandina alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido, akavua viatu, akaanza kuchomoa miba miguuni.

Halafu akatoka muuguzi, dada mmoja anaitwa Resiato, mgeni pale, ameshika nguo za Meitamei zilizokatwa kwa mkasi. Alikuwa anataka kujaza maelezo ya mgonjwa. Hakuwa na hasira yoyote. Alituuliza kama mtu anavyouliza mahali pa kuweka kiti.

– Mgonjwa ananiambia alipiga simu jana jioni na ikapokelewa. Sasa mbona mmemleta leo?

Kimataifa alitazama funguo zake. Mimi nilitazama mikono yangu, nyeusi kama kawaida. Resiato alimgeukia Redio, pengine kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, akasubiri na kalamu yake imenyanyuliwa.

– Mimi ndiye niliyemwambia azime simu, Redio akasema, kwa sauti ambayo haikufika hata mwisho wa korido.